Mtoto aliyempiga Juma

Mtoto aliyempiga Juma analia.

Isome tena polepole, kisha uniambie nani alimpiga nani. Ukiisoma kwa haraka huenda ukaona mtoto ndiye aliyeinua mkono, na sasa analia kwa kuogopa adhabu. Ukirudia utaona Juma ndiye aliyepiga, na mtoto analia kwa maumivu. Sarufi inaziruhusu zote mbili. Kile kiambishi *a-* cha mwanzo kinaweza kuwa cha mtoto au cha Juma, *-m-* vilevile, na *-ye-* inaturudisha kwa mtoto bila kutuambia kama alitenda au alitendwa. Kiswahili ndiyo lugha niliyoanza nayo kusema, na sikuwahi kuuona utata huu mpaka programu niliyoiandika kwa mikono yangu iliponionyesha.

Ilikuwa programu ndogo. Ofisi fulani ilikuwa na hifadhidata ya wafanyakazi: nani aliajiriwa lini, yuko idara gani, nani alimpendekeza nani apandishwe cheo. Walitaka mtu aandike swali kwa Kiswahili cha kawaida apate jibu, bila kulazimika kujifunza SQL, lugha ya kuiulizia hifadhidata. Nikatengeneza kichanganuzi, yaani programu ya kuichambua sentensi, chenye kanuni chache. Mojawapo ilisema kwamba jina linalotangulia kitenzi ni la mtenda na linalofuata ni la mtendwa. Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Kisha mtu mmoja akaandika: "Nionyeshe kila mfanyakazi aliyempendekeza meneja mwaka huu." Programu ikajibu: hakuna.

Jibu hilo lilikuwa kweli tupu. Hakukuwa na mfanyakazi hata mmoja aliyempendekeza meneja wake apandishwe cheo. Lakini muulizaji alitaka kuwajua wale ambao meneja aliwapendekeza, na hao walikuwapo. Orodha ikaendelea kupanda ngazi za ofisi bila majina yao, hadi mmoja wao alipojitokeza kuuliza. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba data ilikuwa sahihi, msimbo ulikuwa sahihi kwa kadiri nilivyouandika, na kosa lilikuwa kwenye maana.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu kazi ya kuipa kompyuta maana ya sentensi, na nataka kueleza ninachokiona, hasa kwa jicho la mtu anayefikiri kwa Kiswahili.

Mwanzo wa mambo ni mantiki. Mwaka 1879 Gottlob Frege, mwanahisabati wa Ujerumani, alichapisha mfumo wa alama uliowezesha kuandika maneno kama "kila" na "baadhi" kwa namna isiyo na utata. Tukifuata njia yake, "kila mtoto analia" inageuka kuwa: kwa kila x, ikiwa x ni mtoto, basi x analia. Yule x ni kigeu, nafasi inayosubiri kujazwa. Miaka karibu 100 baadaye Richard Montague, aliyefundisha California, alitoa dai zito: kwamba hakuna tofauti ya msingi ya kinadharia kati ya lugha za watu na lugha bandia za wanamantiki. Makala yake maarufu zaidi ilitoka mwaka 1973, yeye akiwa amekwisha kufariki. Humo alionyesha jinsi kila neno linavyoweza kupewa maana ambayo yenyewe ni kama mashine ndogo. Neno "kila" ni mashine inayosubiri vitu viwili. Ipe "mtoto", kisha ipe "analia", nayo itakurudishia sentensi nzima ya mantiki. Nyuzi zinazoziunganisha mashine hizo zinatokana na kalkulasi ya lambda, mfumo wa alama wa kuonyesha jinsi kitu kinavyopokea kingine na kutoa jibu, alioubuni Alonzo Church katika miaka ya 1930. Maana ya kizima inatokana na maana za sehemu zake pamoja na namna zilivyounganishwa.

Wahandisi nao hawakusubiri nadharia ikamilike. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 William Woods na wenzake walijenga mfumo ulioitwa LUNAR, uliojibu maswali ya wanajiolojia kuhusu mawe yaliyoletwa kutoka mwezini na safari za Apollo. Swali la Kiingereza liligeuzwa kuwa utaratibu wa kupekua hifadhidata. Ndicho nilichokuwa nikijaribu kukifanya ofisini, zaidi ya miaka 40 baadaye, kwa lugha nyingine.

Na lugha hiyo nyingine inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili ni kama tayari kimekwisha kuchanganuliwa nusu. Chukua *alimwandikia*. Ndani ya neno moja mna mtenda, wakati uliopita, mtendewa, mzizi, na kauli ya kutendea. Mwaka 1967 mwanafalsafa Donald Davidson alipendekeza kwamba sentensi za matendo zieleweke kana kwamba zinataja tukio: kulikuwa na tukio fulani, la Asha kuandika, na tukio hilo lilitokea jana usiku. Waliomfuata walikwenda mbali zaidi: kila kipande cha habari, hata mtenda, kinaning'inizwa kwenye tukio. Ninapoitazama *a-li-mw-andik-i-a* naona viambishi vikifanya kazi hiyohiyo: kila kimoja kinaning'iniza kitu kwenye mzizi.

Shida ni ile *-i-*. "Asha alimwandikia Juma barua." Barua ilikuwa inakwenda kwa Juma, au Juma hakuweza kuandika na Asha akaandika kwa niaba yake? Kiambishi hakisemi. Tena katika "kalamu ya kuandikia" hakihusu mtu kabisa, kinahusu kifaa. Charles Fillmore, ambaye mwaka 1968 aliandika makala yenye uzito mkubwa juu ya dhima za nomino katika sentensi, na ambaye baadaye alianzisha mradi wa FrameNet kule Berkeley, alitufundisha kwamba kila kitenzi huja na mandhari yake na wahusika wake. Mradi mwingine, PropBank, uliorodhesha vitenzi vya Kiingereza, kila kimoja na wahusika wake wenye namba. Kwa Kiingereza orodha ya namna hiyo inawezekana. Kwetu, mzizi mmoja unazaa *andika, andikia, andikiwa, andikisha, andikishwa, andikiana, andikishana*, na kila unyambulishaji unaongeza, kupunguza au kuhamisha wahusika. Ukivipa vyote nafasi katika kamusi, kamusi haitakwisha, na mbaya zaidi utaficha jambo ambalo mzungumzaji analijua bila kufundishwa: kwamba *-ish-* ni ileile popote iendapo. Kwa maoni yangu mzizi ndio uingie katika kamusi, na kila kauli ipewe maana yake kama mashine ya Montague: *-w-* inamtoa mtenda kwenye kiti cha mbele, *-an-* inawafanya wahusika watendane, *-i-* inafungua kiti kipya lakini inaliacha jina la kiti hicho wazi. Nasisitiza hilo la kuacha wazi. Nitalirudia.

Kabla ya hapo, ngeli. Tulipokuwa shuleni ngeli zilikuwa mzigo wa kukariri. Sasa nazitazama kama zawadi. "Kikombe kiliangukia sahani, kikavunjika." "Kikombe kiliangukia sahani, ikavunjika." Herufi chache zimetofautiana na tayari unajua vigae ni vya nini. Viambishi vya ngeli vinafanya kazi ya x na y za Frege: vinaonyesha ni kitu kipi kinachozungumziwa bila kukitaja tena.

Mwaka 2011 Hector Levesque alipendekeza mtihani wa akili ya mashine unaotegemea viwakilishi vyenye utata. Mfano wake unaojulikana sana ni wa kombe lisiloingia sandukuni kwa sababu ni kubwa mno: kipi ni kikubwa? Kisha "kubwa" inabadilishwa kuwa "dogo" na jibu linageuka. Ili ujibu, inadaiwa, lazima ujue jinsi vitu vinavyoingia ndani ya vingine. Nilipoutafsiri nilipata mshangao mara mbili. "Kombe halikuingia kwenye sanduku kwa sababu lilikuwa kubwa mno." Kombe na sanduku ziko ngeli moja, kwa hiyo *li-* haisaidii na mtihani unabaki mgumu uleule. Weka "mkoba" mahali pa sanduku: *lilikuwa kubwa* lazima liwe kombe, *ulikuwa mdogo* lazima uwe mkoba. Mtihani umeyeyuka. Mashine isiyojua lolote kuhusu ukubwa wa vitu itaufaulu kwa kujua upatanisho wa kisarufi peke yake. Kwa hiyo ugumu wa kuelewa haukai mahali pamoja katika lugha zote, na mtu anayetafsiri mitihani ya Kiingereza neno kwa neno ili apime mashine kwa Kiswahili anapima kitu tofauti na anachodhani.

Lakini zawadi hii ina ukomo, na ukomo wake ni watu. Binadamu na wanyama wote huingia kwenye upatanisho mmoja wa *a-* na *m-*. Hapo ndipo mtoto na Juma wanapogongana. Wafanye watoto wawe wengi na utata unatoweka: "watoto waliompiga Juma" ni wapigaji, "watoto aliowapiga Juma" ni wapigwa. Ofisi ile ingeuliza kwa wingi, "wafanyakazi aliowapendekeza meneja", programu yangu yenye kanuni ya mpangilio wa maneno ingekosea waziwazi na ningeigundua siku ya kwanza. Neno "kila" liliiweka sentensi katika umoja, na umoja ukaficha kila kitu.

Kuna sentensi moja ambayo wanasemantiki, wataalamu wa maana, wameijadili kwa miongo mingi, iliyotokana na Peter Geach mwaka 1962. Kwa Kiswahili ni hivi: kila mkulima mwenye punda humpiga. Ni *-m-* ndiyo inayosumbua. Ukimfungia punda ndani ya "mwenye punda", kwa mantiki ya kawaida anabaki humo ndani, na ukifika kwenye *humpiga* kigeu chake hakifikiki. Hans Kamp mwaka 1981, na Irene Heim mwaka 1982, kila mmoja kwa njia yake, walitoa jibu: sentensi isionekane kama kauli iliyofungwa, ionekane kama inaongeza kitu kwenye picha ambayo msikilizaji anaendelea kuichora. Punda akishaingia kwenye picha, anaweza kurejewa. Mtu aliyezoea hadithi zetu, ambamo mhusika hutajwa kwa jina mara moja kisha viambishi *a-* na *ka-* vikambeba kwa kurasa nzima, hataona ajabu katika wazo hilo.

Siku hizi picha inayotumika sana kwenye kompyuta ni grafu. Mwaka 2013 kundi la watafiti lilitangaza Uwakilishi Dhahania wa Maana, unaofahamika kwa kifupi AMR. Sentensi inageuzwa kuwa nodi, yaani vituo, na mishale inayoviunganisha. "Mtoto anataka kwenda": nodi ya kutaka, nodi ya kwenda, nodi moja ya mtoto, na mishale miwili inayomfikia mtoto, mmoja kutoka kwenye kutaka na mwingine kutoka kwenye kwenda, kwa sababu yeye ndiye atakaye na ndiye atakayekwenda. Uzuri wake ni kwamba mtu anaweza kuisoma na kuichora bila shahada ya mantiki.

Mimi na mwenzangu mmoja tulijaribu kuchora sentensi za Kiswahili kwa mtindo huo, jioni baada ya kazi, kila mtu na karatasi yake, kisha tunalinganisha. Tulikwama mapema. "Mtoto anataka aende." Mimi nilichora mtu mwingine asiyetajwa ndiye wa kwenda. Yeye alichora mshale ukirudi kwa mtoto. Tulibishana hadi tukakubaliana kwamba zote mbili zinasikika, ingawa yangu inakuja kwanza. Kisha tukafika "mtoto amelala" na "mtoto alilala". AMR haibebi wakati, kwa hiyo sentensi hizi mbili zina grafu moja. Lakini ya kwanza inakuambia upunguze sauti kwa sababu yuko usingizini sasa hivi, na ya pili haikuambii hivyo. Kuitupa *-me-* ni kutupa nusu ya habari. Walioitengeneza AMR walisema wazi kwamba imeegemea Kiingereza na kwamba haikukusudiwa kuwa lugha ya kati ya lugha zote, na ukweli wao huo naupenda. Mradi uliofuata, uitwao UMR, umeongeza hali ya tendo, wakati na uhusiano kati ya sentensi na sentensi, na umeanza na lugha kama Navajo na Arapaho ambazo vitenzi vyake vimejaa viambishi. Kiswahili kingefaa sana humo.

Kuna jambo jingine kuhusu grafu hizi linalonikosesha raha, nalo ni namna zinavyosahihishwa. Kipimo kinachotumika sana, Smatch, cha mwaka 2013 pia, hulinganisha grafu ya mashine na ya binadamu kipande kwa kipande. Tufanye hesabu ya mtoto wetu. Nodi ni nne: kulia, mtoto, kupiga, Juma. Mishale ni mitatu: anayelia, aliyepiga, aliyepigwa. Jumla vipande saba. Mashine ikimgeuza mpigwa kuwa mpigaji, inakosea mishale miwili, na vipande vitano vinabaki sawa. Inapata tano kati ya saba, yaani kama asilimia 71. Sentensi ikiwa ndefu zaidi, kosa hilohilo linazidi kufifia ndani ya alama nzuri. Na kosa lenyewe ni kumtwika aliyeonewa kosa la mwonevu.

Sasa nirudi kwenye kuacha wazi. Kuna watu waliolichukulia jambo hili kwa uzito tangu zamani. Mwaka 1987 Jerry Hobbs na Stuart Shieber walichambua sentensi moja ya Kiingereza yenye maneno matano ya kiasi, ya aina ya "kila", "baadhi" na "wengi". Ukiyapanga kwa kila namna, lipi lilitawale lipi, unapata mipangilio 120. Walionyesha kwamba 42 tu kati ya hiyo ndiyo inayokubalika. Ni 42, kwa sentensi ambayo msikilizaji anaipokea na kuendelea na mazungumzo. Hakuna mtu anayepitia maana 42 kichwani. Anaiacha wazi na kufunga tu kile ambacho mazungumzo yanahitaji. Mwaka 2005 Ann Copestake na wenzake walieleza kikamilifu uwakilishi unaofanya hivyohivyo: unahifadhi vipande vya maana na masharti ya jinsi vinavyoweza kuunganishwa, bila kulazimisha muungano mmoja. "Kila mwanafunzi amesoma kitabu kimoja" inabaki wazi kuhusu kitabu, mpaka utakapohitaji kujua kama ni kitabu kilekile kwa wote.

Kwangu mimi hii ndiyo hoja kuu ya kazi nzima. Uwakilishi mzuri wa maana una mahali pa kuandika "hapa sentensi haijaamua". Programu yangu haikuwa na mahali hapo. Ilipaswa kutoa SQL moja, nayo SQL haina namna ya kusema sijui nani alimpendekeza nani. Uamuzi ukafanyika kimyakimya kwenye kanuni ya mpangilio wa maneno, na hakuna aliyeuona ukifanyika.

Mitandao ya neva, programu zinazojifunza zenyewe kutokana na mifano mingi, haikuiondoa shida hii. Mwaka 2020 Najoung Kim na Tal Linzen walitengeneza mtihani ambamo mashine hujifunza kugeuza sentensi kuwa mantiki, kisha hupewa miunganiko ambayo haijakutana nayo, kwa mfano jina lililoonekana kama mtenda pekee sasa linawekwa kuwa mtendwa. Kwa sentensi zinazofanana na za mafunzo mashine zilipata asilimia 96 hadi 99. Kwa miunganiko mipya zilishuka hadi kati ya 16 na 35. Programu kubwa za lugha za leo zimekwenda mbali kuliko hizo, nami nazitumia kila siku. Niliipa mojawapo swali la ofisi ile na kuitaka iligeuze kuwa SQL. Ikanipa SQL safi, yenye maana moja. Nilipouliza kama sentensi ina maana nyingine, ikaitaja ya pili papo hapo. Ujuzi ulikuwamo. Kilichokosekana ni nafasi ya kuuweka katika jibu.

Kichanganuzi changu nilikiandika upya. Sasa kinajenga grafu kwanza, na pale *a-* na *m-* zinapoweza kubadilishana wenyewe, mishale ile miwili inabaki bila majina. Kisha kinamuuliza mtumiaji. Hata kuuliza hakukuwa rahisi, kwa sababu jaribio langu la kwanza lilikuwa: "Unamaanisha mfanyakazi aliyependekezwa na meneja, au mfanyakazi aliyempendekeza meneja?" Chaguo la pili lilikuwa na utata uleule niliokuwa nikiukimbia. Ilibidi *-w-* itumike pande zote mbili: "mfanyakazi aliyependekezwa na meneja, au mfanyakazi ambaye meneja alipendekezwa naye?" La pili linasikika zito, lakini halina njia mbili. Baada ya muda niliona kwenye kumbukumbu za maswali kwamba watumiaji wameacha kusubiri kuulizwa. Wanaandika wenyewe tangu mwanzo: aliyependekezwa na.